Iliyolala Iache

Kazi yangu ni kuharibu mabomba. Naharibu kwa mshahara, na naharibu vizuri: natoboa tundu hapa, nachuna ukuta pale mpaka unabaki mwembamba, kisha napeleka darasani ili wanafunzi wajifunze kuyatambua magonjwa hayo bila kuyaona kwa macho. Ndiyo maana wananiita Mama Matundu. Jina sikulichagua, ila nimelizoea, na siku hizi hata nikiitwa hivyo sokoni nageuka.

Chuo chetu ni karakana moja ndefu yenye bati linalolialia jua likipanda. Katikati kuna kipoza cha zamani, mtungi mkubwa wa chuma uliolazwa ubavu, wenye mamia ya mabomba membamba ndani yake. Kiwandani mafuta ya moto hupita nje ya mabomba hayo na maji baridi hupita ndani, joto likahama bila mafuta na maji kukutana. Bomba likitoboka vinakutana, na hapo kazi yote inasimama. Fundi wetu anatakiwa ajue kabla halijatoboka. Huingiza bombani kichwa cha kupimia chenye koili ya umeme, kidogo kama kidole cha mwisho, chenye waya mrefu nyuma. Sisi tunakiita panya. Anamsukuma panya hadi mwisho, anamvuta polepole, na sumaku ya ile koili inaupapasa ukuta wa bomba. Penye kasoro, alama inajichora kwenye skrini.

Tabu ya panya ni kwamba hatulii. Anayumba njiani, na kila akiyumba anachora alama iliyolala kifudifudi, isiyo na maana yoyote. Tundu la kweli huchora alama inayonyanyuka. Basi Mwalimu, ambaye mdomo wake haukosi utamu akiwa mbele ya darasa, akatunga lake: "Iliyolala iache, iliyosimama iite." Wanafunzi walilipenda. Walilisema wakinawa mikono, walilisema wakipanga foleni ya chai.

Kuna kitu kimoja ambacho maneno hayo hayakukiweka. Vishimo vinavyoanza kuliwa kutokea ndani ya bomba, huko maji yanakopita, navyo huchora alama inayokaribia kulala. Inanyanyua kichwa kidogo tu, ukipepesa imekupita. Mwalimu analijua hilo kuliko sisi wote, na lina somo lake. Tatizo ni kwamba huliweka mwisho kabisa, eti mpaka watu wakomae.

Darasa la mwaka juzi alikuwemo binti wa dada yake. Siku ya kwanza alinyoosha mkono akaanza, "Mjomba, samahani," na karakana nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso.

"Hapa mimi si mjomba wako," akamwambia. "Hapa mimi ni Mwalimu."

Tangu siku hiyo wenzake wakambatiza Mpwa, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa na mkono mtulivu. Alimvuta panya kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, bila kumshtua, na asipoelewa alama hakuondoka mpaka aelewe. Mwalimu alikuwa akija kwenye meza yangu ya kazi kunisimulia alivyovuta mpwa wake, uso umemchanua, kisha ananionya nisije nikamwambia mwenyewe akavimba kichwa. Mapenzi ya namna hiyo, ya kufichwa kama wizi, mimi sijawahi kuyaelewa.

Wiki ya mwisho wakatangazwa wageni wa kuja kugawa vyeti. Siku iliyokuwa ya lile somo tukaimaliza tukipiga deki, tukipanga viti na kufanya mazoezi ya kupokea cheti huku unatazama kamera. Nilimfuata Mwalimu na bomba la mfano mkononi nikamkumbusha vishimo vya ndani. Akasema watajifunzia kazini.

Mpwa alipata kazi upesi. Alikipima kipoza cha kiwanda kimoja, na alama zilizolala akaziacha, kama alivyofundishwa. Haukupita muda mabomba yakavuja, maji yakaingia kwenye mafuta, mitambo ikakwama. Hakufa mtu, nashukuru. Lakini kibali chake cha kupima kikazuiwa, na kikaitishwa kikao palepale kiwandani cha kuamua arudishiwe au afutiwe moja kwa moja. Wakamwomba Mwalimu aje aeleze binti alifundishwa nini.

Tulikwenda na gari lake. Nilibeba mabomba ya mfano nikidhani atawaonyesha alama zote mbili, aseme hili nililifundisha na hili sikuliwahi, basi, yaishe. Tulipofika akaniambia niyaache garini na mimi nibaki nayo. Nikabaki. Alipotoka alikuwa akitembea haraka, na Mpwa nyuma yake, akipita karibu na ukuta kama mtu asiyetaka kumgusa yeyote. Hakuja kwetu. Mwalimu akawasha gari, nami nikamuuliza imekuwaje.

"Nimewaambia mada zote zimo kwenye mtaala."

"Na hiyo ya vishimo vya ndani uliifundisha lini?"

Akawasha redio.

Kibali kikafutwa. Baadaye Mpwa alinisimulia kwamba mle kikaoni walimuuliza kama ana la kuongeza, akajibu kuwa Mwalimu ameshaeleza. Nilitaka kumgombeza. Nilimuuliza kwa nini alikufa kikondoo namna hiyo.

"Nimkanushe mjomba wangu mbele za watu?" akasema. "Nilijua atamalizia. Nilikuwa nangoja amalizie."

Hasira niliyopata siku ile bado ninayo, hata sasa ninapoyasema haya. Mtoto wa watu alikwenda kuuza koki na viungio vya mabomba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake hakugombana na kaka yake. Alimwitikia salamu, akaishia hapohapo kwenye salamu.

Darasa jipya lilipokaribia, Mwalimu akaniagiza nimtengenezee mabomba yenye vishimo vya ndani, mengi. Nikajua kidonda kinamuuma. Kisha akanituma kwa Mpwa: aje, akae darasani upya, bure, atafute kibali kingine. Nilimuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Akasema mimi najua kuongea na watu. Mdomo uliotunga maneno ya kuimbwa kwenye foleni ya chai, leo umepoteza ulimi!

Mpwa alikuja. Nilifurahi kama mjinga, nikampokea getini, nikamshika mkono na kumpitisha mlango wa nyuma kwa kuwa somo lilikuwa limeshaanza. Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, anaandika ubaoni: Iliyolala, itazame kichwa. Siku ya kwanza, somo la kwanza. Nilitamani Mpwa alione hilo, na akaliona. Ndipo fundi mmoja, mtu mzima aliyetumwa na kiwanda chake, akauliza mbona waliowatangulia wanasema iliyolala iache.

Mwalimu hakugeuka. "Hao walisikiliza nusu," akasema, na chaki ikaendelea.

Nilihisi mkono wa Mpwa ukichomoka kwenye wangu. Labda aliyekaa nyuma aliguna, sijui, lakini Mwalimu akageuka akamwona. Rangi ilimtoka. Akamwambia karibu mpwa wangu, njoo ukae huku mbele.

"Hapana," Mpwa akajibu, kwa upole kabisa. "Hapa wewe si mjomba wangu."

Akaondoka kwa mlango uleule tulioingilia.

Sitamnyima Mwalimu haki yake. Wiki hiyohiyo alirudi kule kiwandani peke yake akasema yote, kwamba somo halikufundishwa na kwamba maneno yale ni yake. Wakamsikiliza, na kibali kikarudishwa. Mpwa alipopewa habari alisema anashukuru, ila ameshazoea koki. Nami namjua alivyokuwa akimvuta panya, na kila nikifikiria mkono ule ukifunga misumari kwenye gazeti roho inaniuma.

Siku hizi Mwalimu huenda dukani pale kila akipata nafasi. Kiti cha nyuma cha gari lake kimejaa koki mpya, na kwake hakuna hata bomba moja linalovuja. Juzi nilimsindikiza. Alipanga foleni kama wengine, akijifuta viganja kwenye suruali, na zamu yake ilipofika akaomba koki. Mpwa akamuuliza ya jikoni au ya bafuni. Akasema yoyote.

Mpwa akaifunga, akamkabidhi.

"Mpwa wangu," Mwalimu akaanza, kisha akakwama.

Watu walikuwa nyuma yetu. Mpwa hakumharakisha. Alimtazama bila chuki, mikono juu ya kaunta, akangoja amalizie. Aliniumiza kwa jinsi alivyongoja.

Mwalimu akauliza kama koki ile ina dhamana.

"Inayo," Mpwa akasema. "Karibu tena, Mwalimu."