Alama ya Mkia wa Sungura

Kwa miaka minane nilikuwa mpimaji wa mbuga ya Wickmoor, na katika miaka sita kati ya hiyo Enoch Vowles alipata kipande kizuri. Sikusema kitu. Mtu anaweza kuwa na bahati.

Mbuga ile ni ya kijiji kizima. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana ya mwezi Juni, tunaigawa kwa kura ili kila nyumba ipate nyasi za kukausha, chakula cha mifugo wakati wa baridi. Ijumaa adhuhuri msimamizi huenda peke yake na jembe, akachimba alama ardhini kwenye kichwa cha kila kipande, kwa mpangilio aupendao. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kukanyaga mbuga mpaka kura iishe. Kesho yake alama zilezile hukatwa kwa kisu kwenye matufaha ya ghalani, yakatiwa mfukoni, na kila nyumba ikatoa moja.

Walioanzisha alama hizo hawakujua kuandika. Walichukua vitu walivyoviona kila siku: Shoka, Tanuri, Kiota cha Bata, Pembe, Mkia wa Sungura. Mkia ni mkato mfupi uliojikunja, shubiri moja tu. Pembe ni mkunjo uleule, ila unaendelea hadi shubiri tatu.

Msimamizi wetu alikuwa Jabez Vowles. Enoch ni binamu yake.

Mwaka huo aliyekuwa na wasiwasi zaidi ni Hester Tincknell, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Miaka mitatu mfululizo alikuwa ameangukia kipande cha chini, kando ya mtaro, ambako humea matete zaidi kuliko nyasi. Wiki moja kabla ya kura aliniambia, bila kulalamika, kwamba akipata mtaro tena atamwuza ng'ombe kabla ya baridi. Bila maziwa na siagi ya kuuza asingeweza kulipia nyumba. Wote tunajua wajane wasio na nyumba hupelekwa wapi: kwenye nyumba ya maskini.

Asubuhi ya kura tulikusanyika kwenye baraza ya kanisa. Hester alikuja na mfuko alioushona mwenyewe kutokana na aproni yake.

"Tutumie huu," alisema.

"Mfuko wa kijiji upo, Mama Tincknell," Jabez alijibu. "Umetumika tangu enzi za baba yangu."

"Ndiyo maana nataka upumzike."

Watu walicheka kidogo, kicheko cha kuangaliana. Jabez akaupokea, akaugeuza ndani nje, akayatia matufaha.

Gillard mhunzi naye hakuridhika. "Enoch, kunja mkono wa shati. Mpaka begani, tafadhali. Mkono wako una asali, tunataka kuona inatokea wapi."

"Mnataka nivue na suruali?"

"Hapana, baba. Tuna wanawake hapa, na hatujala bado."

Enoch alikunja shati, akaingiza mkono, akatoa tufaha. Pembe. Hester alifunga macho alipoingiza wake. Alitoa Mkia wa Sungura, akalishika lile tufaha lililokunjamana kwa mikono miwili, akaniangalia kana kwamba mimi ningejua lina maana gani. Sikujua. Aliyejua alama ipi iko wapi ni mmoja tu.

Nilikuwa nimeukodolea macho mfuko ule muda wote, kama wenzangu. Ulikuwa safi. Nilifurahi, nikajiambia kwamba tulimwonea Enoch miaka yote hiyo.

Kisha kikafuata chakula, kama desturi: mkate, jibini na bia ya kijiji. Jabez hakukaa. Alisema anatangulia kufungua lango, akaondoka na jembe begani.

"Lango siku hizi linafunguliwa kwa jembe," Gillard alisema, akamega jibini. Hatukulifuata neno lake. Enoch alikuwa amekaa katikati yetu, anakunywa, na sisi tulikuwa tumemkazia macho yeye.

Tulipofika mbugani kila mtu alienda kutafuta alama yake. Pembe ilikuwa juu, karibu na mti mkubwa, ambako nyasi zilifika kiunoni na maua yake. Mkia wa Sungura ulikuwa chini, kando ya mtaro.

Hester alisimama juu ya alama yake. Maji yalikuwa yanapenya kwenye viatu. Nilimkaribia nikiburuta mnyororo wangu wa kupimia ili nipime upana.

"Silas," alisema polepole, "huo mnyororo wako unajua kuhesabu tu, au unajua na kunyamaza?"

Niliumia. Lakini ningekuwa yeye, ningeuliza hivyohivyo.

Sikutaka kumshtaki mtu kwa hasira ya mtu mwingine. Nikaanzia mwisho wa mbuga, Tanuri. Nilichuchumaa nikasugua ukingo wa mkato kwa kidole gumba. Udongo ulikuwa umepauka, ukabomoka kama ganda la mkate; jua la jana na la asubuhi lilikuwa limeukausha. Shoka vilevile. Kiota cha Bata vilevile. Niliipitia kila alama, na watu wakaanza kunifuata bila kuuliza.

Kwenye Pembe shubiri ya kwanza ilikuwa kavu. Iliyobaki ilikuwa nyeusi, ikanata kidoleni.

"Umande," Jabez alisema nyuma yangu.

"Umande umeipenda Pembe peke yake?" Gillard aliuliza.

Nilishuka hadi kwenye mtaro, nikapapasa nyasi mbele ya ule mkia mfupi. Zilikuwa zimenyauka katika mstari uliojikunja. Nilivuta, bonge la udongo likang'oka kama kifuniko cha chungu. Chini yake ulikuwepo mkato wa jana, umeendelea mpaka shubiri ya tatu.

Pembe ya jana ilikuwa imefunikwa ikawa Mkia, na Mkia umerefushwa ukawa Pembe. Miaka yote tulikuwa tunachungulia mfukoni, na kura ilikuwa inaibiwa baada ya kura.

"Nilikosea jana, nikarekebisha leo," Jabez alisema.

"Baada ya kujua nani kapata nini?" Hester aliuliza.

"Mimi nilikuwa nakunywa bia," Enoch alidakia. "Mlikuwa mnaniona."

Hilo lilikuwa kweli. Mpaka leo sijui kama aliomba, au alikuwa anapewa tu na kuona aibu kukataa. Sijui pia kama Jabez alifanya hivyo miaka yote sita. Nilichokiona ni udongo wa siku moja.

Hester hakungoja hukumu. Alichukua mundu wake mrefu, akapanda hadi juu, akasimama penye shubiri ile kavu, akaanza kukata. Jabez alipiga hatua moja kumfuata, akawaona wanaume wamesimama njiani, akarudi nyuma.

"Kipande chako kile pale, Enoch," Gillard alisema. "Chenye vyura."

Enoch alikwenda.

Mchana nilipita kwa Hester. Nyasi zake zilikuwa zimelala safu kwa safu, na yule ng'ombe alikuwa amepata chakula cha baridi nzima. Nilidhani angenishukuru. Alipangusa mundu kwa konzi ya nyasi bila kuinua kichwa.

"Miaka mitatu nilipewa mtaro, Silas. Na wewe ulipita juu ya alama zile kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Hukuinama hata mara moja."

"Sikuinama."

Alisubiri, kama mtu anayengoja salio la maelezo. Kisha alinigeuzia mgongo, akaendelea kukata.