Visahani Vyeusi

"Mbona mafungu manne?" aliuliza fundi bomba. "Si tuko watatu?"

Fundi saa alitazama meza. Kweli. Vidole vyake, vilivyozoea kuokota skrubu ndogo kama punje za ufuta, vilikuwa vimepanga mafungu manne ya visahani vya kuchezea poka: vyeupe ishirini, vyekundu ishirini, vya kijani kumi, vyeusi viwili. Fungu la nne lilikaa mbele ya kiti cha shemeji yake, mpaka rangi, aliyezikwa miezi mitatu iliyopita.

"Mazoea," alisema, akalivunja.

"Yana tabu," akajibu mwalimu mstaafu kwa upole.

Hawakuwa wamecheza tangu siku moja kabla ya kifo chake. Siku ile kila mtu alipewa vyeusi vinane, vile vyenye thamani kubwa. Fundi saa ndiye aliyeshikilia hivyo, akisema vyeupe ni vya watoto. Kufikia magharibi shemeji alikuwa mweupe pe, hana hata kisahani, akaweka rehani ngazi yake ya kazi. Fundi saa akaila pia.

"Kesho nitaazima nyingine," shemeji alisema, akicheka.

Akaazima. Ilikuwa na kidato kilichooza, kikakatika akiwa juu.

Tangu hapo, kila fundi saa akiinamia saa ya mtu, katikati ya mlio wake alisikia ubao ukikatika.

Sasa akaanza kuvirudisha vyeusi sandukuni. "Leo vidogo tu. Asiumie mtu."

"Viache."

Dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Mjane huyo hakuwahi kukanyaga pale tangu mazishi. Akaja moja kwa moja, akakivuta kiti cha mumewe, akaketi.

"Nigawie na mimi, kaka. Vinane vyeusi, kama yeye."

"Wewe hujui poka."

"Miaka kumi na miwili nimelala na mtu anayeicheza ndotoni. Ngazi yake iko wapi?"

"Uani. Ni yako, ichukue. Nimekuletea mara tatu, hukunifungulia."

"Sitaki kupewa. Wewe ulipewa?"

Fundi bomba alikagua kucha zake. Mwalimu alikohoa. Fundi saa akagawa upya, vinane kwa kila mtu.

Karata zikatoka. Dada alizivuta kifuani, akazikunja pembe kidogo kwa kidole gumba cha kushoto, akafumba jicho moja. Hivyo hivyo alivyokuwa akifanya marehemu.

"Anza, kaka," alisema. "Tunakusubiri."