Kamati ya Moyo

Mkunga alimaliza kumpima fundi cherehani, mjamzito wa miezi mitano, akamwambia, "Moyo wa mtoto unaanza kutunzwa humu humu tumboni. Punguza chumvi na soda, kaa mbali na moshi wa sigara, tembea nusu saa kila siku, na ulale vya kutosha. Utampunguzia mashaka ukubwani."

Fundi aliitikia. Kosa lake ni kwamba alikwenda kliniki na mumewe.

Mume alikuwa kinyozi, na hakuna siri iliyowahi kulala kifuani mwake. Kabla ya adhuhuri maneno ya mkunga yalikuwa yamebandikwa kwenye kioo cha saluni. Kufikia jioni wateja walikuwa wameunda kamati. Mwenyekiti alikuwa trafiki mstaafu aliyeitwa Filimbi, kwa kuwa alistaafu bila kurudisha filimbi ya kazini. Katibu alikuwa mama mkwe wa fundi. Hakuchaguliwa na mtu. Aliingia tu na daftari, akaketi.

Fundi alidhani ni mzaha. Kesho yake alipotoka kutembea, alimkuta Filimbi mlangoni, kavaa glavu nyeupe. Alimtangulia barabara nzima akisimamisha magari, pikipiki, hata mtu wa mkokoteni.

"Moyo unapita!" alipaza sauti. "Pisheni, moyo unapita!"

Dukani, muuzaji alipomwona tu alisukumia soda zote chini ya kaunta.

"Nimefuata sabuni," fundi alisema.

"Ndivyo wanavyoanza," muuzaji alijibu.

Nyumbani, mama mkwe alihesabu chembe za chumvi kwa miwani.

"Mama, mboga hii haina ladha kabisa."

"Ladha utaikuta mbele ya safari, mwanangu."

Wiki ya tatu kamati iliona kwamba kukanyaga cherehani kunamchosha mjamzito. Ikamleta mjumbe mmoja, mwendesha baiskeli wa mashindano, amkanyagie, yeye ashike kitambaa tu. Fundi hakuwahi kusema simama. Shati la mwanafunzi likatoka na mikono mitatu. Mwalimu mkuu alipofuata sare, katibu alimvuta pembeni.

"Usigombe, tafadhali. Hasira zitamfikia mtoto."

Mwalimu akaondoka na shati lake, akijitahidi kutabasamu.

Asubuhi moja uvumilivu ulimwishia fundi. Alikwenda saluni, ambako kamati ilikuwa na kikao cha dharura kujadili mjamzito acheke mara ngapi kwa siku. Alipofungua mlango hakuona mtu, aliona moshi. Ndani ya ule moshi wakajitokeza, mmoja mmoja, wajumbe kumi na mmoja, kila mtu na sigara yake, na mumewe katikati akiwawashia.

"Tuna mawazo mengi juu ya mtoto," kinyozi alisema kwa unyonge.

Fundi aliufunga mlango. Alikwenda kliniki peke yake. Mkunga alimpima, akampima tena. Presha ilikuwa imepanda.

"Unakula chumvi?"

"Sijaiona tangu mwezi uliopita."

"Una kazi nyingi?"

"Nina kamati."

Mkunga alisikiliza habari yote bila kucheka, ingawa mara mbili ilimbidi atazame dirishani. Akamwandikia dawa na kumtaka arudi kupimwa kila wiki. Kisha akavuta karatasi nyingine, akaandika: *Kamati ivunjwe leo.* Akagonga mhuri.

Filimbi aliisoma karatasi mara tatu. "Kabla ya kula au baada?" aliuliza. Lakini mhuri ni mhuri. Alivua glavu, akazikunja vizuri, na fundi akaona macho yake yamelowa. Mzee wa watu hakuwa na mjukuu. Hasira zikamtoka fundi, huruma ikaingia.

Aliyepata taabu ni kinyozi. Aliacha sigara siku hiyo hiyo. Kwa wiki mbili mikono ilimtetemeka, wateja wakatoka na nywele za ngazi ngazi. Jioni alitembea na mkewe. Presha ikashuka taratibu.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Mkunga alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kinyozi kabana pumzi.

"Moyo unadunda vizuri," alisema mwishoni. "Dhamana ya maisha siwezi kuwapa. Kazi ya kuutunza ndiyo kwanza inaanza, na sasa ni yenu wawili."

Fundi alimlaza binti yake kifuani. Akaomba watu wote watoke nje, isipokuwa baba mtoto.