Mguu wa Breki

Mume wangu alikuwa hageuzi shingo. Ukimwita kutoka nyuma anageuka mwili mzima, mabega, kifua, tumbo na vyote, kama mtu anayehamisha kabati. Watoto walicheka. Mimi pia nilicheka, sikatai, mpaka siku alipopiga rivasi na tela kule kazini akakwangua ukuta wa ghala kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuweza kutoa kichwa dirishani akaangalia nyuma.

Bosi wake ana huruma, ila huruma yenyewe ina kikomo. Alimwambia akajitibu, na mwisho wa mwezi arudi apimwe: aingize tela kinyumenyume katikati ya mapipa, mkaguzi akimtazama. Akishindwa, anashushwa kwenye usukani na kupelekwa stoo ya matairi. Baba watoto aliniletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ameendesha malori tangu kabla sijamjua.

"Stoo," akasema. "Bora wanizike."

"Hazikwi mtu hapa," nikamwambia. "Utapona."

Nilisema hivyo si kwa sababu najua utabibu. Nilikuwa nimeshaamua, basi.

Hospitali walishampiga picha wakasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imekaza, atafute mtaalamu wa kuchua. Yeye akaona hakuna haja ya mtaalamu. Akamwendea dereva mwenzake wanayemwita Tingatinga, akalazwa kifudifudi gereji, na Tingatinga akampanda mgongoni na viatu vyake. Alirudi nyumbani anatembea kama aliyemeza ufagio. Kesho yake niliulizia huku na huku, nikampata mchuaji aliyesomea kazi hiyo, nikachukua miadi. Sikumwomba mtu ruhusa.

Kwa kuwa dereva wa nyumba ndiye mgonjwa mwenyewe, niliendesha mimi. Nina leseni tangu kitinda mimba wetu aanze shule, na sijawahi kugonga hata ndoo. Lakini katika miaka yote hiyo mume wangu hajawahi kukaa pembeni yangu akatulia. Anashika mlango. Anavuta pumzi kwa meno. Mguu wake wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo.

"Gia, mama watoto, gia! Na yule wa baiskeli umemwona?"

"Nimemwona tangu jana."

Hivyo ndivyo tulivyofika, tumenuniana.

Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda chembamba kilichoinuka, kina tundu la kuwekea uso, mashuka yamekunjwa vizuri, na chupa ya mafuta imesimama ndani ya bakuli la maji moto. Mchuaji mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba, umri wa mdogo wangu wa mwisho, kucha amezikata kabisa. Mume wangu alikuwa anategemea jitu.

"Ndiye huyu?" akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia.

"Ndiye mimi, baba," mchuaji akasema. "Karibu ukae."

Akaanza maswali. Amewahi kuanguka au kupata ajali? Mkono unakufa ganzi? Presha je? Analalia mto wa namna gani? Nilianza kujibu mimi, kwa sababu mume wangu ukimuuliza habari za mwili wake anakwambia yuko poa, lakini mchuaji akaniinulia kiganja kwa adabu. "Mama, mwache aseme mwenyewe." Nikamwachia aseme. Iliniudhi kidogo.

Kisha akamweleza. Atavua shati tu, suruali abaki nayo, alegeze mkanda. Yeye mchuaji atatoka nje mpaka mgonjwa awe amelala chini ya shuka, na atafunua sehemu anayoichua tu. Akisikia baridi aseme. Akitaka pasiguswe mahali, aseme, na hatadaiwa sababu.

"Na maumivu," akaongeza. "Yako maumivu ya kukufanya useme 'hapo hapo, umepapata.' Hayo ni sawa. Ya kukufanya ubane meno siyataki. Ukibana meno, niambie nipunguze."

"We bonyeza tu, binti. Mimi ni mwanamume."

"Msuli haujui hilo, baba. Ukiumizwa unajikaza, na kazi yangu inarudi nyuma."

Nikakaa kwenye kiti pembeni kwa sababu mume wangu aliniomba nisitoke. Ukimuuliza leo atakataa.

Mgongo ulikwenda vizuri. Mchuaji alikuwa anapitisha mikono polepole, anatulia penye fundo, anangoja lilegee. Nilidhani mambo yameisha. Kisha akamgeuza chali, akakaa upande wa kichwa chake, akaingiza viganja chini ya kisogo.

"Niachie kichwa."

"Nimekuachia."

"Bado. Kichwa cha mtu kizito kama tikiti, na hapa mkononi hakina uzito. Unakibeba mwenyewe."

Alijaribu. Akimpeleka kulia, baba watoto ameshatangulia kulia. Akimwinua, ameshajiinua, eti anamsaidia. Mwisho mchuaji akamfunika, akampa maji, akamwambia kesho atasikia mwili kama wa mtu aliyebeba magunia, asiogope. Kilichokaza kwa miaka hakilegei kwa siku moja.

Kwenye gari akasema ule ni utapeli. "Anapapasa tu. Tingatinga angalau ulisikia mifupa ikilia."

"Tunarudi," nikasema.

"Mimi sirudi."

"Tunarudi. Utashuka mwenyewe au nitakuburuta, chagua."

Tukarudi. Mara ya pili mchuaji alikuwa ameshika kile kichwa, anangoja, mara akaacha kutazama shingo akatazama miguu.

"Mama, hebu njoo uone."

Nikasogea. Chini ya shuka mguu wa kulia ulikuwa umenyooka, vidole vimekandamiza kitanda. Mchuaji akiondoa mikono, mguu unalegea. Akigusa shingo tena, mguu unakandamiza.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Anafunga breki!" nikasema. "Ndivyo anavyonifanyia garini!"

Mchuaji hakucheka. Alichukua vidole vya mume wangu akaviweka kwenye shingo ileile aliyokuwa akiichua. "Baba, kanyaga hiyo breki kama unavyokanyaga mama akiendesha. Umesikia hapo?"

Hata mimi niliuona msuli ukisimama kama kamba ya kuanikia nguo.

"Achia. Umesikia ulivyoshuka?"

Mume wangu akakanyaga tena, akaachia tena, vidole vikiwa palepale.

"Ukiwa kwenye lori lako sikulaumu, ndiyo kazi," mchuaji akasema. "Lakini unaendesha hata ukiwa abiria. Unafika hapa umekaza, nakulegeza, unarudi nyumbani unakaza upya. Sasa zoezi lako ni hili. Mkiwa njiani, mguu wa kulia uweke juu ya wa kushoto, mikono mapajani, fumba macho. Anayeendesha ni mama."

"Nifumbe macho?" Akajaribu kuinua kichwa. "Huyu akiendesha?"

Huyu. Niliumia, sitaficha. Mtu umembebea watoto wake shule na kliniki, jua na mvua, halafu unaitwa huyu mbele ya watu. Nilingoja mpaka tukawa wawili tu garini, milango imefungwa, ufunguo mkononi.

"Nisikilize vizuri," nikamwambia. "Siwashi gari mpaka ufumbe macho. Unataka usukani au unataka stoo?"

Aliniangalia, mabega yote yakiwa yamenigeukia. Akapandisha mguu juu ya mguu. Akafumba.

Safari ile ilikuwa balaa. Jasho lilimtoka, mguu ukaruka mara kwa mara, na kila nilipopunguza mwendo aliuliza kuna nini. Nikamjibu kila mara: kuna mataa, kuna shimo, kuna mama anavuka. Kesho yake nikamtoa tena, hatuna hata pa kwenda. Tulizunguka mitaa tu. Jirani zetu walidhani tumenunua gari jipya. Alilalamika, nikaendesha. Alinuna, nikaendesha. Usiku nilimkandamizia kitambaa cha maji moto begani na kumsimamia mazoezi ya shingo, kidevu huku, kidevu kule, naye akiniita sajenti.

Siku moja tukiwa tunaenda kwa mchuaji nilisimama kwenye mataa, nikasikia mlio. Nikadhani ni injini. Kumbe anakoroma. Kichwa kimelala upande, mdomo wazi, mguu uko juu ya mguu. Mataa yakawaka kijani na mimi sikuondoka, mpaka gari la nyuma likanipigia honi.

Siku hiyo mchuaji aliingiza viganja chini ya kisogo, mikono yake ikashuka kwa uzito. "Eeh," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa umenipa." Akakipeleka kulia taratibu, kikaenda. Kushoto kikakwama nusu, akangoja bila kulazimisha, mume wangu akashusha pumzi ndefu, kikaenda. Ndipo nikaona machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

"Inauma?" mchuaji akauliza.

"Hapana. Sijui ni nini. Samahani."

"Usiombe samahani. Hutokea kwa wengi." Akampa kitambaa, akaendelea na kazi yake.

"Nimechoka, mama watoto," mume wangu akaniambia akiwa ameangalia dari. "Hata sijui nimechoka tangu lini." Nikamshika ule mguu wa kulia juu ya shuka. Nilikuwa nimeolewa na mtu huyu muda wote huo na sikuwahi kumsikia akisema neno hilo.

Siku ya kupimwa nilisimama nje ya uzio wa yadi, nimeshika waya kwa mikono miwili. Lori likanguruma. Kichwa chake kikatoka dirishani na kugeuka nyuma, chenyewe, bega limebaki ndani. Tela likaanza kurudi. Katikati likapinda kuelekea pipa la pili, mkaguzi akanyanyua kalamu, mimi nikasema moyoni tumekwisha. Mume wangu akasimamisha. Akasogea mbele, akageuza shingo upande wa pili, akatazama kwenye kioo bila haraka, kisha akarudi tena, akapita katikati ya yale mapipa pasipo kugusa hata moja. Mkaguzi akampa mkono kupitia dirishani.

Nilipotaka kuondoka pale kwenye uzio nikagundua kiatu changu cha kulia kimezama kwenye mchanga mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa nimefunga breki muda wote.

Alinijia akiwa na kofia kichwani. Nikamnyooshea ufunguo wa gari letu, maana amepona, ni haki yake. Hakuupokea. Akazunguka mpaka upande wa abiria, akafungua mlango, akakaa.

Karibu na nyumbani mpira ulichomoka kati ya nyumba mbili ukavuka barabara, na nyuma yake mtoto anakimbia bila kuangalia. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari likasimama. Mtoto akaokota mpira wake, akatukodolea macho, akakimbia.

Nikatoa gia. Nikatupa jicho pembeni. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto, haujasogea. Mume wangu alifungua macho, akageuza shingo, shingo peke yake, akamtazama mtoto mpaka akaingia kwao, kisha akanigeukia mimi.

"Umewahi," akasema.

Akafumba macho tena, nami nikaingiza gia.