Sinema Iliyopindishwa kwa Jogoo

Nyumba yangu haina mlango. Kila mtoto wa Mhunze alijua jibu lake: yai. Lakini mwaka wa hamsini na mbili ilikuja nyumba nyingine isiyo na mlango, watu wamo tele, wanavua kofia, wanagombana, wanakumbatiana, na ukienda kuwashika unashika shuka. Sinema hiyo. Ililetwa na lori, na kwa kuwa masika hayakumpa mtu nafasi ya kukaa nje, shuka likatundikwa mchana kweupe ndani ya ghala la pamba, madirisha yakazibwa kwa magunia.

Nyamizi, binti Ngassa, hakuwa na haja na shuka la mtu. Alikuja kwa sababu baba yake alikuja, na baba yake alikuja kwa sababu Bujiku alimwalika. Bujiku alikuwa mume wake; au tuseme alibakiza siku moja ya kuitwa hivyo. Kesho yake wazee wangekaa kwa mwanangwa Mabula, mkuu wa kijiji, kuivunja ndoa ile au kuiunga.

Bujiku alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita akakaa miaka mitatu, bila salamu, bila hata kipande cha sabuni. Nyamizi alilima peke yake, akamuuguza mama mkwe, mwisho akamchukua mwanawe Mageni akarudi kwa baba yake. Maneno yaliyofika kijijini yalisema Bujiku yuko kwa Justa, yule mchumba wake wa zamani aliyeolewa na mchimbaji kule kule. Lakini maneno hayana miguu ya kusimama barazani. Sasa bwana karudi, ana kofia ya kaki na kikohozi cha kujitengenezea, na hadithi: jiwe lilimwangukia shimoni, akalala hospitali miaka yote mitatu, yatima wa watu, jina la Nyamizi mdomoni.

Mzee Ngassa alikuwa na moyo mlaini kwa wagonjwa. Mke aliyemwacha mume kitandani, alisema, mimi nitamteteaje mbele ya wazee? Akilishikilia neno hilo kesho, Nyamizi atafungasha arudi kwa Bujiku kabla jua halijazama.

"Miaka mitatu kitandani, baba, na mgongo hauna kidonda? Ng'ombe akilala siku tatu tu huchubuka nyonga."

"Mayu, usimcheke mgonjwa," alisema mzee, akimwita mayu kama alivyomwita tangu mdogo, yaani mama.

Mlangoni pa ghala Nyamizi alimwona jogoo amefungwa miguu kwenye bampa ya lori. Ana madoadoa, ana jicho moja. Jogoo yule Nyamizi alimlisha mwenyewe tangu kifaranga, nyumbani kwa mama yake Bujiku.

"Huyu wa nani?" alimuuliza dereva.

"Wa mkalimani. Kapewa asubuhi na yule bwana mwenye kofia."

Nyamizi akaguna. Mtu anayenunua ulimi wa mwenzake, angalau anunue kwa beberu.

Wale watu wa kwenye shuka walisema Kiingereza, na hapo ghalani hakuna aliyekijua ila mkalimani mwenyewe, Bwana Donatus wa Tabora, mnene, suruali ina pasi ya kukata mkate. Alishika kipaza sauti, na alilolisema yeye ndilo walilolila wote.

"Huyu bwana anaumwa sana," alianza. "Na huyu ni mkewe. Amemtoroka mumewe hospitali, wameachana kwa hakimu, sasa anajuta. Mwoneni anavyolia!"

Kwenye shuka, hakimu alikuwa amegonga nyundo, na mwanamke sasa anacheka mpaka anajishika mbavu, glasi mkononi.

"Wazungu hulia hivyo?" aliuliza Mzee Ngassa.

"Labda jino linamuuma, baba."

Mgonjwa akatoka mbio akiwa na maua, akabisha kwa mwanamke mwingine. Huyo alimrukia shingoni kama mtu aliyemjua zamani, akamkalisha, naye akakaa juu ya magoti yake.

"Muuguzi," alisema Donatus. "Anampima homa."

Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Bwana Donatus, hospitali hiyo iko wapi? Nimpeleke mzee wangu, lakini asije akapona!"

Ghala lote likaangua kicheko, hata mwanangwa Mabula na wazee wenzake waliokaa pembeni. Mzee Ngassa hakucheka. Alikunja uso, kama mnunuzi mnadani anayeambiwa fahali ni mtamba.

"Kitendawili," Nyamizi alimnong'oneza.

"Tega."

"Macho yangu na masikio yangu wamegombana, na mimi nawalisha wote wawili."

Mzee akafikiri. "Sijui. Nikupe mji? Chukua Shinyanga."

"Siitaki, ina vumbi."

"Chukua Tabora."

"Nimekwenda Tabora, nimekula, nimeshiba, nimerudi: mkalimani aliyepewa jogoo. Yuko nje, baba, kwenye bampa. Wa mama yake Bujiku."

"Zawadi si kosa," alisema mzee, lakini polepole.

Nyamizi akamtazama Bujiku, aliyekaa mbele kabisa juu ya sanduku, shingo imenyooka, mdomo wazi kama mtungi. Amesahau hata kukohoa! Mwanamume aliyetunga uongo wa miaka mitatu, na sasa kamezwa na shuka. Nyamizi alimwonea aibu. Si ya mapenzi, ni ile unayomwonea mtu anayetafuna huku anajichafua.

Pale kwenye shuka mlango ukagongwa. Mwenye nyumba kaja! Mgonjwa akaruka, akazunguka meza mara mbili, akajitosa kabatini, pindo la koti likabaki nje. Watu wakapiga mayowe. Na Bujiku akasimama, akajipiga paja:

"Mjinga we! Kabati la nini? Pipa! Ingia kwenye pipa la maji! Mimi, siku mume wake Justa alipotoka zamu, nilikaa pipani mpaka alfajiri, na kuoga akaoga pembeni yangu, hakuniona!"

Akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

Donatus, mtu mwaminifu kwa jogoo wake, akajikaza: "Na... na hapo mgonjwa amelazwa tena."

Mzee Ngassa akainuka. "Bujiku."

"Naam, baba."

"Hilo pipa lilikuwa wodi ya ngapi?"

Bujiku akakohoa. Akakohoa tena, kwa bidii. "Kikohozi kimechelewa gari," alisema yule mama wa nyuma.

"Baba, ni utani, ni sinema tu..."

"Mwanangwa," alisema mzee, bila kumtazama tena, "binti yangu nilitaka kumrudisha kwa mgonjwa. Mgonjwa simwoni. Harudi."

Mabula akawatazama wazee wenzake gizani, wakatikisa vichwa kukubali. "Tumesikia. Kesho kila mtu aende shambani kwake, hapa hakuna la kukalia."

Bujiku akapita katikati ya watu, ameshika kofia kifuani, na hakuna aliyempisha vizuri.

Sinema ikaendelea. Donatus hakusema tena, na haikuhitajika kusemewa. Yule bwana alirudi kwa mkewe, nguo zimechanika, maua yamebaki vijiti. Mwanamke akamfungia mlango, akamfungulia, akamkumbatia. Ndivyo picha ilivyotungwa tangu mwanzo, mke amrudie mume. Bujiku angenyamaza tu, picha ingemsemea bure.

"Kamrudia," alisema Mzee Ngassa, ameshangaa.

"Kamrudia," alisema Nyamizi. "Ana nyumba ya ghorofa, ana viatu vya ngozi, ana hakimu aliyemwachisha kwa nyundo. Akili tu hakununuliwa."

Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alikaza kanga kiunoni, akamshika baba yake kiwiko, wakatoka. Kule shambani mtama ulikuwa umezidiwa na magugu.