Hapo Penye Kazi

…mpole, eti mpole na mtulivu, ndivyo anavyosoma mjomba, kidole juu ya karatasi, na dada wa kuchapa anagonga herufi mojamoja kama anayepanda mahindi, marehemu alikuwa mwanamke mpole na mtulivu aliyeipenda nyumba yake, nukta, weka nukta hapo binti yangu, na mimi nimekaa kwenye hiki kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mkorofi nasema moyoni weka kumi, zibeni huo uongo usitoke nje, mama yangu mtulivu, mama aliyekuwa akiagiza koleo kutoka juu ya mnara wa umeme na mbwa wa kijiji cha pili wakabweka… mazishi ni kesho saa nane, vijitabu mia na hamsini, picha yake mbele, wasifu ndani, na huyu mzee wangu, kaka yake mkubwa, karani mstaafu aliyekaa miaka thelathini na tano kwenye meza moja mpaka meza ikaota alama ya viwiko, ndiye waliyemteua wanafamilia aandike habari za mwanamke ambaye hajawahi kukaa kwenye meza yoyote isipokuwa ya kulia chakula, na hata hapo alikuwa anakula amesimama, gari linanguruma nje, vijana wake wanapiga honi, Mama Volti twende, na yeye anamalizia chai huku anafunga kamba za buti, ananipiga busu la utosini lenye harufu ya grisi, nami napiga kelele kwamba nimeshakuwa mkubwa, na kweli nilikuwa mkubwa, nina miaka minane na mtaa mzima unaniogopa.

Nao wakaja kuniuliza mimi? Wapi. Aliyeacha shule kidato cha pili ataandika nini, walisema, mimi niko mlangoni nasikia, huyo ni mdomo tu, si bure wanamwita Redio, na ni kweli mimi ni Redio, tena ya betri mpya, shule niliiacha kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, lakini wasifu wa mama ningeutoa kichwani bila kikohozi, ningeanza na mto, ule mwaka wa mafuriko, nguzo ya ng'ambo imelala na hospitali iko gizani, vijana wake kumi na mmoja wamesimama ukingoni kama kuku walionyeshewa, kila mmoja anamtazama mwenzake aingie, na mama, ambaye kuogelea alijifunza akiwa na miaka arobaini kwa hasira ya kuchekwa, akajifunga kamba kiunoni, akawaambia nikizama mnivute, nisipozama mnifuate, akaingia… na ile siku ya kufuli, hiyo hata mjomba anaijua, kwao huko kazini kila fundi ana kufuli lake jekundu lenye kibati cha jina, akipanda kufanya kazi anazima swichi na kulifunga, na aliyefunga ndiye anayefungua, hafungui mkubwa, hafungui mwenyezi wa ofisi, basi mkurugenzi mzima anapiga simu kwamba kuna harusi ya mheshimiwa ukumbini na taa hakuna, likateni hilo kufuli muwashe, na mama akaketi mbele ya sanduku la swichi, akafungua karanga zake, akasema mtu wangu yuko juu, akatafuna mpaka kijana wa mwisho akakanyaga chini, wakamwandikia barua ya onyo, akaitia fremu, akaitundika sebuleni, wageni wakidhani ni cheti, hebu niambie huyo ndiye mpole, huyo ndiye aliyeipenda nyumba yake…

Aliipenda, sikatai. Akiwa huko porini wiki tatu alikuwa anapanda kilima kutafuta mtandao, saa kumi na mbili jioni simu inalia, umekula, bado, unapika nini, maharage, sogeza simu kwenye sufuria nisikie, nami naisogeza, nina miaka kumi na sita, mwanamume kamili, nimeinamia jiko nikiyapigisha maharage simu, na yeye kutoka kilomita mia tatu ananiambia ongeza maji, yanagonga chini, na kweli yanagonga chini, sijui alikuwa na masikio ya nini yule mwanamke, na Jumatatu hii, yuko likizo, amelala kwenye kochi buti zikiwa mlangoni, presha ikamchukua mchana kweupe kana kwamba ilingoja ashuke kwanza…

"Mzee, hapa penye kazi niandike nini?" dada anauliza, na mjomba bila hata kuinua macho anajibu, "Mama wa nyumbani."

Damu ikanipanda hadi kwenye masikio, nimesimama sijui saa ngapi, kiti kimeanguka, nasema mjomba hapana, mama alikuwa fundi wa laini kubwa, msimamizi wa kikosi, miaka ishirini na sita, wewe mwenyewe ulikuwa unamwomba akuitie mafundi taa zenu zikizimika, na watu wawili wanaongoja kutoa nakala wamegeuka, vizuri, wasikie, nasema kumbe ni aibu, kumbe dada yako kupanda nguzo ni aibu kwenu mpaka kaburini, mnataka mumzike na aproni, na mjomba ananiacha nimalize, ana ile subira yake ya kuudhi ya mtu aliyehudumia foleni maisha yake yote, anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anavuta faili la mama tulilolikuta kabatini, analamba kidole…

"Mpwa wangu, mimi neno hili sikuliokota barabarani," anasema. "Mimi sina haja ya kumfundisha marehemu jinsi ya kujitambulisha. Hii hapa. Kazi ya mzazi, mama wa nyumbani. Na sahihi yake chini. Mtu akisaini, amesema."

Na karatasi iko mbele yangu, fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, ile nakala inayobaki kwa mzazi, imekunjwa mara nne na kukunjuliwa, nembo ya shule juu, na mwandiko… nilikuwa na mwandiko mzuri, hilo hakuna mwalimu aliyewahi kunipinga, herufi zimelala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, jina la mzazi, anwani, kazi, mama wa nyumbani, wino wa bluu, mkono wangu, si mkono wa mama, mkono wangu mimi, kwa sababu wiki ile mtoto wa mwenye duka alikuwa ameniuliza mbele ya wenzake kama mama yangu akipanda nguzo anavaa nini chini, wakacheka, nami Redio nzima nikakosa kituo, nikaenda nyumbani nikajaza fomu yote mwenyewe, nikaikunja sehemu ya sahihi tu ionekane, nikampa mlangoni akiwa na haraka, saini hapa mama, na yeye, mtu asiyegusa waya kabla ya kuupima mara mbili, akaikunjua. Akasoma. Nilimwona macho yanashuka mstari kwa mstari na kusimama. Akaniomba kalamu. Akasaini polepole kana kwamba ni hati ya kuuza kiwanja, akaniuliza tu kama nina soksi za kutosha.

Na siku ya wazazi… hii nilikuwa nimeizika, nani kaifukua, siku ya wazazi alikuja, aliacha kikosi, alidandia lori la mchanga tangu alfajiri, nikamwona anaingia getini amevaa gauni la maua nisilolijua na viatu vya kuazima vinavyomtafuna, anatembea kama aliyekanyaga makaa, mikono ameificha ndani ya kitenge ili watu wasione kucha, na mwalimu akamuuliza kwa heshima zote, mama unafanya kazi gani, nami nimesimama pale natazama ubao, naomba ardhi ipasuke, akasema, nipo tu nyumbani mwalimu, nalea. Yeye. Aliyemkatalia mkurugenzi mbele ya kikosi kizima, aliyeingia mtoni na kamba kiunoni, alidanganya kwa sauti ya chini mbele ya mwalimu wa hesabu ili uongo wangu usianguke, kisha akaninunulia soda, akaniangalia nikinywa, akacheka, akasema nimekua, na mimi nikafurahi, Mungu wangu, nilifurahi, nikamsindikiza hadi barabarani haraka haraka kabla hajakohoa kile kikohozi chake cha kiume…

Basi nani kamvisha aproni? Nani kaanza? Mjomba ananakili tu, kazi yake ni kunakili, mzee wa watu, sikumbuki hata nilivyomwita dakika mbili zilizopita, aibu kwenu, nimesema kwenu, kwenu nani, na hasira bado ninayo, imejaa kifuani, imekosa pa kwenda, inazunguka kama mgeni aliyepotea nyumba, inabisha, na mlango ni wangu… wanaongoja nakala wameacha kujifanya hawasikilizi, mjomba ananitazama juu ya miwani, kidole bado kipo kwenye sahihi, na dada wa kuchapa ameinua mikono juu ya herufi, hana haraka, anauliza tena kwa upole, "Kaka, mama alikuwa anafanya kazi gani?" na swali hili maishani mwangu nimelijibu mara moja tu, kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, bila kumtazama mtu usoni.