Udi wa Chumba cha Juu

"Hashuki. Nshasema hashuki, na usinipandishie sauti ndani ya nyumba ya babangu."

"Ni ya babangu pia, shangazi."

"Babako yuko kaburini. Mimi niko hapa."

Tulikuwa chumba cha juu, mama kitandani, mimi huku, shangazi Maisara kule na chetezo mkononi, udi wafuka mpaka ukuta siuoni. Wakwe zake dadangu Jihan waja baada ya alasiri kuleta sanduku la bibi harusi. Na sanduku hupokewa na mamake bibi harusi, hilo mtaa mzima wa Ndia Kuu wajua. Mama tangu aamke neno lake ni hilo hilo: ataka kushuka akalipokee.

Sasa mama ana kansa ya titi. Imepasuka, imekuwa kidonda, chatoa maji, chanuka. Simvunjii heshima, ndivyo kilivyo. Nesi Wendy alikuja akatuonyesha: rowesha kitambaa cha jana kwa maji ya chumvi kwanza, ukikibandua kisimchubue, osha, saga vidonge alivyotuachia unyunyize ungaunga wake, funga. Ukifanya hivyo harufu yapungua, wakaa naye, wala naye chakula. Jihan ndiye humfunga. Lakini leo Jihan yuko chini, hina mbichi mikononi na miguuni, hata kujikuna hawezi. Basi mwanamke aliyebaki ni shangazi, na dawa yake yeye ni udi.

"Wakwe wana pua," akasema. "Wakinusa hapa, wataanza kuuliza ni ugonjwa gani, warithiwa ama haurithiwi. Wataka dadako arudishwe kabla hajatoka?"

"Kwani udi wote huu hawataunusa? Mtu akipita huko chini hajui kama ni harusi au ni matanga."

Mama akakohoa, akashika ubavu. "Maisara, kinachofukizwa hivi ni sanda. Mimi sijafa."

"Nakusitiri, wifi."

"Wasitiri pua yako. Kitoe."

Shangazi hakusogea. Nikamnyang'anya chetezo, nikakiweka kule kwenye ngazi, nikarudi nikafungua dirisha.

"Basi mfunge," nikamwambia. "Akifungwa vizuri atashuka, na wakwe hawatanusa kitu."

"Siwezi. Nikikiona natapika."

"Ntamfunga mimi."

Nikachukua vidonge, nikaanza kuvisaga kwa mgongo wa kijiko kwenye kisahani.

"Wewe? Kifua cha mamako?" Akacheka, kicheko kibaya. "Umemaliza shule, kutwa barazani wahesabu tuktuk, leo umekuwa nesi. Huna haya."

"Afadhali mimi nahesabu tuktuk. Wewe wahesabu pumzi za mamangu."

"Fuad," mama akasema.

Alikuwa amevuta leso aliyojifunika mpaka kidevuni, ameikaza kwa mikono miwili. Hapo ndipo nikaona. Angeniacha nimfunge, kwa vile ataka kushuka, lakini baadaye asingeweza kunitazama usoni. Nikashika kijiko tu, sisagi wala sikiweki.

Mama akamgeukia wifi yake. "Si lazima unipende, Maisara. Tangu niolewe hapa hukunipenda, na tumekula chungu kimoja. Nifunge tu."

Shangazi akatazama mlango, akatazama kile kisahani. Kisha akavuta ncha ya mtandio, akajifunga pua na mdomo kama mtu aendaye kufagia dari.

"Lete hicho kijiko. Wasaga kama watwanga pilipili."

Nikampa.

"Na sifanyi kwa ajili yako."

"Sikukuomba kwa ajili yangu."

"Na nikitapika, ukaenda kusimulia huko barazani, nitakukata ulimi. Maji ya chumvi yako wapi?"

"Kwenye birika. Yasiwe ya moto."

"Nimekuuliza yako wapi, sikukuuliza habari zake. Toka."

Mama akaanza kuilegeza leso. Nikatoka, nikafunga mlango.